Ufunguo wa daftari usibaki mfukoni mwa fundi

Maduka yanayohamisha programu za zamani za Windows kwenda Linux huweza kusahau kazi ndogo kuliko zote: ikoni ya kufungulia hesabu

ARUA

Chukua mfano wa duka la jumla mjini Arua, asubuhi ya siku ya kupakia. Gari liko nje, vijana wanapandisha katoni za sabuni na mitungi ya mafuta ya kula, na mteja aliyetoka Ariwara anataka karatasi yake ili awahi mpakani kabla foleni haijawa ndefu. Bei, idadi ya katoni na deni la safari iliyopita, vyote vimo ndani ya kompyuta iliyo mezani. Kompyuta inawaka. Programu ya hesabu imo. Lakini hakuna anayeweza kuifungua, kwa sababu fundi aliyeiweka yuko Koboko, na yeye peke yake ndiye anayejua maneno ya kuchapa ili ifunguke.

Hali hiyo haihitaji kompyuta mbovu wala fundi mbaya. Inatosha jambo moja kusahauliwa, nalo ni ikoni ya kufungulia programu, ile picha ndogo ambayo mtu huibofya mara mbili na kazi ikaanza. Kuitengeneza ni kazi ya dakika chache. Ndiyo pia kazi inayorukwa kirahisi zaidi pale mashine ya duka inapohamishwa kutoka Windows kwenda Linux.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara wa leo anayeweka hesabu kwenye kompyuta, kuna swali la kuongeza: daftari likiwepo, nani ana ufunguo wake?

Kwa nini habari ya Linux imefika dukani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila hazipati tena marekebisho ya usalama ya kawaida, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haiingii rasmi kwenye kila mashine. Inataka kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, hifadhi ya GB 64 au zaidi, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta zenye vichakato vya Intel vya kabla ya kizazi cha nane, kwa sehemu kubwa, ziko nje ya orodha ya Microsoft. Aliyenunua kompyuta iliyotumika kutoka nje ya nchi ana nafasi kubwa ya kuwa na mashine ya aina hiyo: nzima, ina nguvu ya kutosha kwa hesabu za duka, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa.

Mwenye mashine hiyo anabaki na njia tatu. Anaweza kununua nyingine, anaweza kuendelea na Windows 10 na kubeba hatari yake, au anaweza kuweka Linux. Linux haina bei ya leseni, na baadhi ya matoleo yake ni mepesi kwa mashine za zamani. Ubuntu, lililoanza mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni mojawapo ya yanayojulikana zaidi. Linux Mint, linalojengwa juu ya Ubuntu, lina sura inayomfanya aliyezoea Windows asipotee.

Wala si mambo mageni kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwaka huohuo wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kinachohama na kinachogoma

Kazi nyingi za mfanyabiashara wa mpakani huhama bila matatizo. Barua pepe na WhatsApp hufunguka kwenye kivinjari cha intaneti, na kivinjari hakijali kama chini yake kuna Windows au Linux. Ankara za EFRIS, ambazo Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianza kuzidai Januari 2021, zinaweza kutolewa kupitia tovuti. Jedwali za Excel hufunguliwa na LibreOffice. Hata ASYCUDA World, mfumo wa forodha wa Umoja wa Mataifa ambao upande wa Kongo huitwa Sydonia, umejengwa kwa Java, kwa hiyo asili yake haikufungwa kwenye Windows.

Kinachogoma ni kile kidogo kilicho karibu na moyo wa duka: programu ya hesabu na bidhaa iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita, labda ikaandikwa na kijana aliyekwisha kuhamia Kampala. Ni ya Windows tu. Haina toleo jipya, na aliyeiandika huenda hapokei simu. Lakini ndani yake kuna majina ya wadaiwa wa Aru, Ariwara na Kaya, na kiasi anachodaiwa kila mmoja kwa shilingi, dola au faranga.

Hapo ndipo inapoingia Wine. Mradi huo ulianza mwaka 1993, na tangu mwaka uliofuata umeongozwa na Alexandre Julliard. Toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15 ya kazi. Wine haijengi kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta, wala haihitaji leseni ya Windows. Programu ya Windows inapoomba kufungua faili, kuchora dirisha au kupeleka karatasi kwenye printa, Wine hulipokea ombi hilo na kulifikisha kwa Linux kwa namna ambayo Linux inaielewa. Ni kama mkalimani anayesimama kati ya muuzaji wa Kampala na mnunuzi wa Kisangani: yeye hauzi wala hanunui, lakini bila yeye bei haipatani.

Inafanya kazi, lakini mlango uko wapi?

Programu ikiwekwa upya ndani ya Wine kwa kutumia faili lake la usakinishaji, mara nyingi Wine hutengeneza yenyewe ikoni kwenye menyu, kama ambavyo Windows ingefanya. Shida huja pale ambapo faili la usakinishaji lilipotea zamani, na fundi akainakili folda nzima ya programu kutoka kwenye mashine ya zamani. Programu yenyewe inaweza kufanya kazi vizuri. Lakini kwa kuwa hakuna kilichosakinishwa, hakuna ikoni inayozaliwa. Zile njia za mkato zilizokuwa kwenye skrini ya Windows nazo hazisaidii zikinakiliwa hivyohivyo, kwa sababu zinaelekeza mahali palipokuwa kwenye mashine ya zamani.

Kwa fundi hilo si tatizo. Anafungua terminali, lile dirisha la kuchapa amri, anaandika mstari mmoja na programu inafunguka:

wine /home/duka/.wine/drive_c/Daftari/daftari.exe

Mwenye duka anaona daftari lake kwenye skrini, anafurahi, analipa, na fundi anaondoka. Kesho yake mashine ikiwashwa, skrini ni tupu. Kosa la nukta moja au mkwaju mmoja katika mstari ule, na daftari halifunguki.

Kuanzia hapo kila asubuhi inaanza na simu kwa fundi. Akiwa hapatikani, mauzo yanaandikwa kwenye karatasi, karatasi zinajaa kwenye droo, na mwisho wa mwezi hesabu ya kompyuta na hesabu ya droo hazilingani.

Ikoni ni karatasi ya maelekezo

Katika Linux ikoni ya kufungulia ni faili dogo la maandishi ambalo jina lake linaishia na .desktop. Ndani yake hakuna programu wala daftari. Ni kama karatasi anayopewa mwendesha boda anapotumwa mzigo: nenda nyumba fulani, pita lango hili, uliza kitu hiki. Linux inaposoma karatasi hiyo, inajua la kufanya.

Faili la kufungulia programu iliyo katika mfano huu lingekuwa hivi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Daftari la Duka
Exec=env WINEPREFIX=/home/duka/.wine wine /home/duka/.wine/drive_c/Daftari/daftari.exe
Path=/home/duka/.wine/drive_c/Daftari
Icon=/home/duka/daftari.png
Terminal=false

Mstari wa kwanza unaitambulisha karatasi yenyewe, na wa pili unasema kinachofunguliwa ni programu. Name ni jina litakaloonekana chini ya picha. Exec ni amri ileile ambayo fundi alikuwa akiichapa, ikiwa imeandikwa mara moja tu na kutunzwa. Path ni folda ambayo kazi inaanzia. Icon ni picha. Inaweza kuwa picha yoyote ya PNG, hata ya daftari la karatasi iliyopigwa kwa simu, au picha halisi ya programu ikitolewa ndani ya faili lake kwa zana zinazoitwa icoutils. Mstari wa mwisho unazuia terminali kujitokeza.

Faili hilo likiwekwa kwenye folda ya .local/share/applications iliyo ndani ya folda ya mtumiaji, programu huonekana kwenye menyu. Likiwekwa kwenye folda ya Desktop, huonekana kwenye skrini. Asiyetaka kuandika kwa mkono anaweza kutumia fomu: katika Linux Mint yenye sura ya Cinnamon, kubofya kitufe cha kulia mahali patupu kwenye skrini huleta chaguo la kutengeneza ikoni mpya, na fomu hiyo huuliza jina, amri na picha.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo huwababaisha wengi. Katika Ubuntu, ikoni mpya iliyo kwenye skrini haifunguki mpaka mwenye mashine aibofye kwa kitufe cha kulia na kuiruhusu. Mfumo hauna ukaidi hapo, unalinda. Karatasi ya maelekezo inaweza kuamuru chochote, kikiwamo kufuta mafaili. Ikoni iliyotengenezwa na fundi mbele ya mwenye duka inaruhusiwa. Ile iliyokuja kwa WhatsApp au kwenye flashi ya mtu asiyejulikana, haifai kuruhusiwa hata ikiwa na picha nzuri namna gani.

Siku daftari linapofunguka likiwa tupu

Makosa mengi kwenye ikoni hayana madhara: programu haifunguki, fundi anasahihisha herufi, yanaisha. Lakini mistari miwili, WINEPREFIX na Path, ikikosewa inaweza kuleta jambo baya zaidi. Programu inafunguka, sura ni ileile, lakini ndani hakuna mteja hata mmoja.

WINEPREFIX huiambia Wine itumie folda ipi kama diski C ya Windows. Kwa kawaida ni folda inayoitwa .wine, na ndani yake kuna drive_c. Wine ikielekezwa kwenye folda nyingine ambayo haijawahi kutumika, hutengeneza diski C mpya isiyo na kitu. Programu inaweza kufunguka kama iliyowekwa leo, ikiuliza jina la duka na namba ya leseni upya.

Path nayo ina sababu yake. Baadhi ya programu za zamani hutafuta faili la hesabu palepale zilipoanzia kazi. Zikianzishwa kutoka folda nyingine, zinaweza kulalamika kwamba faili halipo, au zikaanza jipya bila kusema neno. Hapa pia herufi zina uzito. Katika Linux, folda ya Daftari na folda ya daftari ni vitu viwili tofauti.

Kwa mwenye duka hofu ya kwanza ni kwamba madeni yote yamefutika. Mara nyingi hayakufutika. Ikoni imempeleka kwenye chumba kingine cha nyumba ileile. Hatari iliyopo ni katika kinachofuata. Akianza kuandika mauzo ya siku ndani ya daftari hilo tupu, anakuwa na madaftari mawili, na kuyaunganisha baadaye ni kazi ya siku nyingi. Kanuni ni fupi: daftari likifunguka tupu, lifungwe bila kuandikwa chochote, na ikoni ikaguliwe kwanza.

Jambo linalofanana na hilo hutokea pale duka linapokuwa na watumiaji zaidi ya mmoja kwenye mashine moja. Katika Linux kila mtumiaji ana folda yake na kwa hiyo Wine yake. Mwenye duka akiingia kwa jina lake na karani kwa jina lingine, hawaoni daftari moja, na Wine hukataa kutumia folda inayomilikiwa na mtumiaji mwingine. Kwa programu ya aina hii, ni salama zaidi kuwa na jina moja la kuingilia lililotengwa kwa ajili ya hesabu, na nywila ijulikane kwa wahusika tu.

Jina kwa lugha ya anayeketi mezani

Faili la ikoni lina uwezo mmoja unaofaa sana West Nile. Chini ya mstari wa Name inaweza kuongezwa mingine ya lugha tofauti: Name[sw] kwa Kiswahili na Name[fr] kwa Kifaransa. Mashine iliyowekwa Kifaransa upande wa Aru itaonyesha jina la Kifaransa. Iliyowekwa Kiswahili itaonyesha la Kiswahili. Nyingine zote zitaonyesha lile la Name lisilo na mabano. Karatasi ni moja, lakini kila anayeisoma anaielewa.

Si pambo tu. Meza ya hesabu ya Arua au Koboko inaweza kukaliwa na mtu wa Kilugbara asubuhi, wa Kikakwa mchana, na mgeni wa Lingala au Kiarabu cha Juba jioni. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, mwezi uleule ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sudan Kusini ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Maamuzi hayo hufanywa mbali na mpaka, lakini hapa yanaweza kuonekana kwa kitu kidogo kama neno lililo chini ya picha kwenye skrini.

Na kama wote dukani wanasoma Kilugbara, hakuna kinachozuia kuandika neno la Kilugbara kwenye mstari wa Name wenyewe. Linux haiulizi jina ni la lugha gani.

Ikoni si daftari

Kosa lenye gharama kuliko yote linatokana na kuchanganya ufunguo na nyumba. Mtu anayejiandaa kubadilisha mashine huinakili ikoni kwenye flashi na kuamini kwamba amebeba hesabu zake. Alichobeba ni karatasi ya maelekezo yenye mistari saba. Kwenye mashine mpya karatasi hiyo itaelekeza kwenye folda ambayo haipo.

Upande wa pili wa kosa hilohilo una faraja: ikoni ikifutwa kwa bahati mbaya, hakuna deni lililopotea. Daftari liko palepale ndani ya .wine, na ikoni nyingine inaweza kutengenezwa.

Kinachotakiwa kunakiliwa ni folda ya .wine yote, au angalau ile folda ya programu iliyo ndani ya drive_c, ikiwa fundi amethibitisha kwamba hesabu zote zinatunzwa humo. Ugumu ni kwamba folda ambayo jina lake linaanza na nukta hufichwa na Linux. Asiyejua hilo anaweza kunakili mafaili yote anayoyaona na kuiacha ile moja yenye uhai wa biashara. Katika Ubuntu na Linux Mint, kubonyeza Ctrl na H ndani ya dirisha la mafaili huzionyesha folda zilizofichwa, na kubonyeza tena huzificha.

Nakala ichukuliwe programu ikiwa imefungwa, kwa sababu faili linalonakiliwa huku likiandikwa laweza kutoka na kasoro. Umeme nao ni sababu ya kutochelewa. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na wenye maduka wanajua maana ya mashine kuzimika katikati ya kazi. Faili la hesabu lililokatiwa umeme wakati likiandikwa linaweza kuharibika, na hapo nakala ya jana jioni ndiyo inayookoa.

Flashi moja ikae dukani, nyingine nyumbani. Na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiaminiki: mara moja moja ifunguliwe kwenye mashine nyingine, ili ijulikane kama madeni yamo. Jina la mtumiaji likiwa tofauti kwenye mashine hiyo, njia zilizoandikwa kwenye ikoni zitabidi zibadilishwe.

Mahali Wine inapokomea

Wine haiwezi kila kitu, na fundi mkweli husema hivyo kabla ya kufuta Windows. Madereva ya vifaa yaliyotengenezwa kwa Windows hayafanyi kazi kupitia Wine. Printa ya risiti, kwa mfano, lazima itambuliwe na Linux yenyewe ndipo programu iliyo ndani ya Wine iweze kuitumia. Programu inayolindwa kwa kifaa cha kuchomeka kwenye USB inaweza kugoma kabisa. Programu nyingi za zamani ni za biti 32, na mara nyingi zinahitaji sehemu ya ziada ya Wine iwekwe kwenye mfumo wa biti 64.

Mradi wa Wine una orodha ya wazi kwenye tovuti yake ambapo watumiaji huandika jinsi programu mbalimbali zilivyofanya kazi na kuzipa madaraja, kuanzia zinazokwenda bila kasoro hadi zisizofaa kabisa. Programu inayojulikana kimataifa inaweza kutafutwa humo kabla ya uamuzi. Ile iliyoandikwa na kijana wa mtaani haitakuwamo. Hiyo dawa yake ni kuijaribu.

Kujaribu kwenyewe kunafaa kuwe kwa wiki moja au mbili, mashine ya zamani ikiwa bado hai pembeni. Siku ya kwanza ya hesabu za mwezi, siku ya kuchapa ankara nyingi na siku ya kutafuta deni la mwaka jana zinapopita salama, ndipo Windows inaweza kuagwa.

Mambo ya kukagua kabla ya kumlipa fundi

Biashara ndogo ya mpakani imepewa unafuu wa karatasi. Chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya, bidhaa zinazostahili ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 zinaweza kupita na cheti cha asili kilichorahisishwa. Lakini hata utaratibu huo unataka mfanyabiashara aweze kusema amebeba nini na cha thamani gani. Taarifa hiyo imo ndani ya daftari, kwa hiyo daftari lisilofunguka ni mzigo unaosubiri Vurra au Oraba.

Kabla kazi haijahesabiwa kuwa imekwisha, mwenye duka anaweza kukagua mambo matano bila kujua lolote kuhusu amri.

Kwanza, mashine izimwe na kuwashwa upya, kisha programu ifunguliwe kwa ikoni tu, bila terminali.

Pili, ifunguliwe na mwenye duka au karani mwenyewe, si fundi.

Tatu, litafutwe jina la mdaiwa wa zamani na deni lake lilinganishwe na karatasi.

Nne, ankara moja ichapwe kwenye printa ya duka, na tarehe na alama za fedha zikaguliwe.

Tano, fundi aonyeshe folda ya kunakili, na nakala ya kwanza ichukuliwe hapohapo na mkono wa mwenye duka.

Jambo la sita ni la karatasi. Mistari ile saba ya faili la ikoni ichapwe au iandikwe kwa mkono, ikunjwe na kuwekwa pamoja na leseni ya biashara. Siku mashine itakapokufa na fundi yule akawa amehama, fundi yeyote wa Arua, Koboko au Ariwara anayeijua Linux ataisoma na kuelewa daftari liko wapi na linafunguliwaje.

Kwa fundi pia si hasara. Anayeacha ikoni inayofanya kazi hapigiwi simu kila asubuhi kwa jambo ambalo hawezi kulilipisha. Anaitwa pale penye kazi ya kweli, na jina lake linatajwa vizuri kwenye duka la jirani.